Bwawa la wageni limejaa majani, ngege hawakui: majibu ya barua zenu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wenye mabwawa ya starehe, sio yale ya kufugia samaki wa kuuza, nasema bwawa la risoti, la shule, la kanisa, bwawa la shamba ambalo wikendi watu wanakuja na ndoano, watoto na muchomo. Nimefurahi sana kuziona. Mabwawa ya namna hii yameongezeka na wengi wanaoyasimamia hawajapata mtu wa kuwaeleza, ingawa kwetu hapa Uganda kuchimba ziwa sio jambo la jana, Kabaka Mwanga alichimbisha lile la Mengo miaka ya 1880 na mpaka leo lipo katikati ya Kampala. Nimechagua barua 7. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake nusu ya majibu ya wengine yamo humo, kwa hiyo hata kama swali lako liko chini, anza hapa juu.

Habari za kazi mzee. Tuna bwawa la kama ekari 2 kwenye risoti, maji yanatoka chemchemi na mengine yanateremka na mvua kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe wa zero grazing. Miaka ya mwanzo lilikuwa safi kabisa, sasa majani ya chini ya maji yamejaa mpaka boti haipiti, na juu kuna utando wa kijani unaoteleza. Tumelipa vijana wayang'oe mara mbili na yamerudi. Bosi anataka tumwage dawa, kuna mtu wa duka la pembejeo amesema inamaliza yote wiki moja. Tufanyeje? (Msimamizi, Mukono)

Kwanza kabisa mwambie bosi dawa isimwagwe. Naelewa ana wageni na wageni hawataki kuona uchafu, lakini bwawa lililojaa kiasi hicho ukiua majani yote kwa mpigo hayaendi popote, yanazama chini yanaoza, na vijidudu vinavyoyaozesha vinatumia oksijeni ileile samaki wako wanayopumua. Mchana majani na mwani vinatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, usiku havitengenezi tena, navyo vinaitumia sawa na samaki, ndo maana saa mbaya kuliko zote bwawani ni ile kabla jua halijatoka, saa 11 alfajiri hivi. Hebu amka siku moja uende na tochi. Ukikuta ngege, yaani tilapia, wamejipanga juu ya maji midomo nje wanagugumia hewa, na wakisikia hatua zako hawakimbii, ujue bwawa liko pabaya tayari hata kabla ya dawa. Ngege anataka kama miligramu 5 za oksijeni kwenye lita ya maji ili akae vizuri, anavumilia chini ya hapo lakini halali salama, hali vizuri na hakui. Na alama nyingine ya kukusaidia: siku ukiamka umekuta ngege wamekufa wengi lakini kambale wanadunda tu, mara nyingi shida ni oksijeni sio sumu, kwa sababu kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na ngege hana.

Halafu dawa zenyewe zinatofautiana. Nyingi za dukani ni za shamba la mahindi, sio za maji, na ile sabuni inayochanganywa ili dawa ishike kwenye jani inaweza kuumiza vyura na samaki. Zile zenye shaba zinaua mwani kweli, ila maji yakiwa laini, yasiyo na chokaa, kipimo cha kuua mwani na kipimo cha kuua samaki vinakaribiana mno. Na maji ya bwawa lako yanatoka yanaenda wapi? Chini huko kuna watu wanachota. Siku ikifika kwamba dawa ni lazima, iwe ni ile iliyoandikwa kwenye chupa kwamba inaruhusiwa majini, umuulize afisa uvuvi wa wilaya kwanza, na upige theluthi moja ya bwawa tu, usubiri wiki 2 au zaidi, ndo uende sehemu nyingine.

Sasa kwanini yamerudi? Kwa sababu mmetoa majani lakini chakula cha majani kinaendelea kuingia. Hapo kwa jirani. Mavi na mkojo wa ng'ombe vinashuka na mvua ya Machi mpaka Mei, vinashuka tena na ile ya Septemba mpaka Novemba, kila msimu bwawa linapokea mbolea bila mtu kuipima. Fosforasi inajishika kwenye udongo inatulia kwenye tope la chini, na hata ukiziba leo hiyo iliyopo itaendelea kulisha majani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo msikate tamaa mkiona mabadiliko yanakuja polepole. Nendeni mkae na huyo jirani kwa heshima, sio kwa barua ya wakili. Yeye pia anapoteza, hayo mavi ni mali ya migomba yake, akichimba mtaro wa kukinga na shimo la kukusanyia mnaweza hata kumchangia saruji na bado itakuwa rahisi kuliko kulipa vijana kila miezi michache.

Kwa upande wenu, pale maji yanapoingia chimbeni kidimbwi kidogo cha kutuliza tope kabla maji hayajafika bwawani, muache mafunjo na matete yaote humo. Mafunjo yanachuja kweli, kinamasi cha Nakivubo kimebeba maji machafu ya Kampala miaka na miaka kabla hayajafika ghuba ya Murchison, na upande huohuo wa ziwa ndo maji ya mji yanapochotwa, Ggaba. Kila miezi kadhaa zoeni tope la hicho kidimbwi mpeleke shambani. Kuzunguka bwawa acheni ukanda wa nyasi ndefu, mita 10 au zaidi pakiwepo nafasi, msifyeke mpaka ukingoni na msitie mbolea kwenye nyasi za bustani. Angalieni na choo chenu kiko wapi, na maji ya jikoni yanaenda wapi. Na wageni wanaotupia samaki chapati na posho iliyobaki, inafurahisha watoto najua, lakini kisicholiwa kinaoza palepale, wekeni mtu auze vikombe vidogo vya chakula cha samaki basi, hapo mnapata na hela.

Kung'oa pia kuna namna yake. Hayo majani ya chini uliyonitumia picha, marefu laini kama mkia wa mbweha, hayana mizizi ya kweli, yanaelea ndani ya maji na kila kipande kinachokatika kinakuwa mmea mpya. Vijana wakiingia na mapanga wanapanda, hawang'oi. Tumieni reki ndefu mkiwa kwenye boti, mvute taratibu, muanzie upande upepo unakotoka ili vipande vinavyokatika visukumwe kwenye majani yaliyobaki, mtavitoa zamu inayofuata. Wekeni ule mzigo kwenye ukingo usiku mmoja. Lakini mkishautoa tu ufunueni ukiwa bado unavuja, ndani kuna konokono wadogo, mabuu ya kereng'ende, saa ingine vifaranga vya ngege virefu kama ukucha vinarukaruka, warudisheni samaki majini na konokono waacheni wakauke na majani. Baada ya hapo majani yaende mbali juu ya mteremko, kwenye migomba, manake mkiyaacha pembeni yanaoza na juisi yote inarudi bwawani na mmefanya kazi ya bure.

Na hapa naomba bosi asome mwenyewe: msitoe yote. Acheni kama robo ya bwawa ibaki na majani, kwenye kona ambazo boti haziendi. Samaki wadogo wanajificha humo, wadudu wanaoliwa na samaki wanaishi humo, na majani hayo yanakula mbolea ambayo bila wao ingeliwa na mwani, maji yakageuka supu ya kijani ambayo ni ngumu zaidi kuitibu. Kule ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, sangara alipandwa miaka ya 60 akawala samaki wadogo wa asili mpaka wengi wakatoweka kwenye maji ya wazi, waliobaki walipatikana pembeni, kwenye kingo za kinamasi, ndani ya majani ambako sangara haendi kwa urahisi. Majani yaliwaokoa.

Kiangazi kikija na maji yakashuka, chongeni kingo ziwe na kina. Mimea ya chini inaota pale mwanga unapofika, sehemu yenye maji ya magoti ndo kitalu chake, ukishusha mpaka mita 1 na zaidi mengi yanashindwa. Kingo zishuke mita 1 kwa kila mita 3 za kwenda ndani, isiwe ukuta, manake mtoto akiteleza lazima aweze kutoka. Na kama bwawa liko ndani ya kinamasi, kabla tingatinga halijaja nendeni NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na ofisi ya mazingira ya wilaya mkapate ruhusa.

Mwalimu wa mabwawa, shule yetu ilipanda ngege miaka 2 iliyopita, tuliwatoa kwa jirani na ndoo. Sasa wako maelfu lakini wote urefu wa kidole, wanafunzi wanavua mpaka wanachoka na hakuna hata mmoja wa kukaanga. Mkuu anasema tuongeze chakula. Ni kweli? (Mwalimu, Masaka)

Hapana mwalimu, chakula kitaongeza vifaranga tu. Chukua mmoja wa hao samaki wa kidole, mwenye shavu limevimba kidogo, mfungue mdomo pole. Kuna uwezekano mkubwa utakuta mayai ya njano yamejaa humo. Huyo ni mama mzima. Ngege jike anabeba mayai na watoto mdomoni, siku hizo zote hali vizuri, akimaliza baada ya wiki chache anataga tena, wiki 4 mpaka 6 hivi maji yakiwa ya joto. Bwawa likiwa finyu na samaki wengi, wanawahi kuzaa wakiwa wadogo wadogo badala ya kukua. Kwa hiyo hao sio watoto wanaosubiri kukua, ni watu wazima waliodumaa, na hata ukiwapa pumba gunia zima hawatakufikia kwenye sahani.

Dawa yake ni kupunguza. Kama bwawa lina bomba la kutolea maji, kiangazi litoeni lote, vueni wote, walioshikika mpike shuleni, halafu acheni tope likauke lipasuke kabla ya kujaza upya, manake kwenye madimbwi madogo yaliyobaki wanabaki wazazi wachache na kazi inarudi mwanzo. Kama halitoki maji basi pitisheni nyavu ya kukokota mara nyingi, kwa kibali cha afisa uvuvi. Na sheria ya wavuvi wenu ibadilike, hapa hakuna kurudisha samaki mdogo majini kwa huruma. Najua tumefundishwa kwamba mdogo anarudishwa akue, na kwenye ziwa ni sahihi kabisa, lakini kwenye bwawa lililodumaa mdogo ndo atoke, mkubwa ndo abaki.

Mkipanda upya, pandeni vifaranga dume tupu kutoka kwa mzalishaji aliyesajiliwa, waulizeni watu wa kituo cha utafiti cha Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe watawaelekeza. Kwa bwawa ambalo halilishwi kila siku ngege 1 mpaka 2 kwa kila mita ya mraba wanatosha. Hata dume tupu hawakosi jike mmoja mmoja aliyepenya, kwa hiyo wekeni na kambale wa kula vifaranga, 5 mpaka 10 kwa kila ngege 100, lakini wawekeni baadaye, ngege wakishakua wasimezeke. Na safisheni majani kwanza! Hili watu wanalisahau. Bwawa likiwa limejaa majani kambale hawaoni wale watoto, wanajificha humo kwa maelfu, unalalamika kambale wako wavivu kumbe umewafungia mlango wa jikoni.

Kama mtalisha, chovyeni mkono kwenye maji mchana wa jua, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yana mwani wa kutosha au yamezidi, acheni mbolea na punguzeni chakula. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, bado kuna nafasi. Maji ya tope la mvua msiyapime hivyo, yatawadanganya.

Nataka wageni wangu wapate samaki wa kupigana nao, wazungu wanapenda mbuta wa Nile. Naweza kuwaleta kwenye bwawa langu la ekari 1? (Njeru)

Usifanye hivyo kaka. Mbuta, ndo yule sangara niliyemtaja juu, anataka oksijeni nyingi kuliko ngege, akishikwa na kusafirishwa anakufa kirahisi, na akiishi atamaliza kila kilichomo bwawani kisha aanze kula wenzake. Kuhamisha samaki kutoka maji moja kwenda mengine kunataka kibali, na mvua ikijaza bwawa likapasuka anaingia kwenye vijito ambako bado kuna nkejje, wale samaki wadogo wa asili, ambao ziwani wamepungua mno tangu huyu samaki aingizwe miaka ya 50 na 60. Mgeni anayetaka mbuta mpeleke mtoni na mtu mwenye leseni. Kwako weka kambale, wanapigana vizuri sana kwenye ndoano, jaribu usiku na minyoo au maini ya kuku.

Mke wangu alileta maua ya zambarau kutoka landing site akayaweka kwenye bwawa letu, yalikuwa machache. Sasa yamefunika upande mzima. Ndo gugu maji? Naweza kuleta wale wadudu wa serikali? (Kayunga)

Ndo lenyewe mzee, na mama asilaumiwe, ua lake ni zuri kwelikweli na ndo limelitembeza dunia nzima kutoka Amerika ya Kusini. Kwetu lilionekana ziwa Kyoga mwishoni mwa miaka ya 80 na ziwa Victoria muda huohuo, mto Kagera ukaendelea kulileta, na kufikia 1998 lilikuwa limefunga ghuba na bandari, wavuvi hawatoki, na pale Jinja kwenye umeme kazi ilikuwa kulitoa kila siku. Penye mbolea na jua linaweza kujiongeza mara mbili ndani ya wiki 2, saa ingine hata chini ya hapo.

Wale wadudu ni fukusi wadogo, wanachora majani kwa kuyala juujuu na watoto wao wanatoboa kikonyo ndani mpaka mmea unalemewa na maji unazama. Walifanya kazi kubwa, Kyoga waliachiwa 1993 na Victoria 1995, na baada ya miaka michache gugu likapungua sana, ingawa na mvua kali za El Niño na mawimbi vilichangia. Lakini angalia hiyo, miaka, na ni kwenye ziwa. Kwenye bwawa la mtu mmoja mkono unawashinda. Ukiwa na vijana 4, reki na kamba ndefu ya kuzingira, mnaweza kulitoa lote kwenye bwawa la ekari 1 kwa siku chache, na hili ndilo gugu pekee kwenye barua za leo ambalo nasema litoke lote, mpaka mche wa mwisho. Anzeni kabla halijatoa maua tena, manake mbegu zinazama kwenye tope na zinaweza kukaa miaka 15 na zaidi zikisubiri maji yashuke na jua liingie. Kwa hiyo baada ya kulimaliza teua mtu azunguke bwawa kila wiki, aking'oa vimche vidogo pembeni, bila kuruka wiki.

Mlitandaze juani kwanza, zaidi ya sehemu 9 kwa 10 za uzito wake ni maji, mkilibeba bichi mnabeba maji tu. Likikauka liende kwenye mboji, sio kwenye mtaro wala mtoni.

Na tafadhali kila mwenye boti asome hapa: kuna jingine linaitwa gugu la Kariba, jani dogo la mviringo lenye manyoya juu, linajikunja na kubanana likizeeka, lilionekana Kyoga na Albert 2013. Kipande kikubwa kama kucha kilichonasa kwenye nyavu au chini ya boti kinatosha kuanzisha bwawa zima. Boti ikitoka ziwani ioshwe, ikauke juani kabla haijaingia kwenye maji yako, na chambo hai kutoka maji mengine usikubali.

Watoto wangu wanaogelea kwenye bwawa la shamba kila wakitoka shule. Nimeona konokono wengi kwenye majani. Jirani anasema kichocho kiko ziwani tu, bwawani hakuna. (Mama, Wakiso)

Dada, jirani hajasema kweli. Kichocho kinataka vitu viwili, konokono wa aina yake na mtu mwenye ugonjwa aliyejisaidia mahali ambapo mvua inafikisha uchafu majini. Bwawa linaweza kuwa na vyote. Konokono wa kichocho cha tumbo anapenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani, ni mdogo, bapa, amejizungusha kama kamba iliyokunjwa. Lakini kwa macho huwezi kujua ana vimelea au hana, kwa hiyo usihesabu konokono ukatulia.

Hapa majani na afya ya watoto ni jambo moja kabisa. Teua sehemu moja ya kuogelea, ile yenye kina na upepo, mbali na maji yanapoingia, uondoe majani yote hapo na uendelee kuyaondoa kila wiki mbili, kina cha pembeni kichongwe kama nilivyomwambia msimamizi wa Mukono, na wafanyakazi wa shamba wajengewe choo mbali na bwawa na waelezwe kwanini. Vimelea vinatoka kwenye konokono kwa wingi wakati wa jua kali, katikati ya mchana, kwa hiyo hiyo ndo saa mbaya zaidi, ila hakuna saa ambayo ni salama kabisa. Maji ya kuwaogesha nyumbani yakitekwa bila konokono yakakaa siku 2 kwenye pipa lililofunikwa, vimelea vinakufa.

Na watoto wako wameshaingia mara nyingi, wapeleke wapimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo, inafanya kazi, na kituo cha afya wanaijua. Usisubiri mpaka tumbo lianze kuuma au damu ionekane chooni, kichocho kinaharibu ini kimyakimya kwa miaka. Kuna watu watakuambia umwage dawa ya kuua konokono, inaua na samaki, achana nayo mpaka wataalamu wa afya wa wilaya waseme.

Ngege na kamongo wanasaidia kidogo, kamongo hasa anatafuna konokono vizuri, lakini usiwategemee kulinda watoto.

Nimesikia kuna karpi anayekula majani, ukimweka unasahau reki. Ni kweli? (Mityana)

Yupo, asili yake mito ya China na mashariki ya Urusi, na kwenye maji ya joto akiwa bado mdogo anaweza kula majani yanayokaribia uzito wake kwa siku. Lakini anachagua. Anapenda yale laini ya chini ya maji, gugu maji hagusi sana, yungiyungi na matete anayaacha. Ukiweka wengi wanamaliza kila kitu, kinyesi chao kinakuwa mbolea, na unabaki na maji ya kijani bila jani hata moja la kuficha samaki, na anaishi zaidi ya miaka 10 kwa hiyo huwezi kubadilisha mawazo haraka. Nchi nyingine wanaruhusu wale tasa tu, na kwa kipimo kidogo sana, kama 5 mpaka 15 kwa ekari ya majani. Mimi ningekuambia anza na reki na ngege mwenye tumbo jekundu, ambaye asili yake ni Nile na Albert na anakula majani laini, uone miezi 6. Ukiona bado unamtaka karpi, swali la kwanza liwe kwa afisa uvuvi, je anaruhusiwa wilaya yako na je bwawa lako lina wavu kwenye mlango wa kutokea maji.

Tumekausha bwawa la kanisa ili tulisafishe, vijana wakachimba tope wakatoa kamongo 3 wakubwa wako hai. Tuwaue? Wengine wanasema wanakula samaki wote. (Soroti)

Msiwaue kwa hasira. Kamongo anavuta hewa, maji yakikauka anajichimbia kwenye tope na kusubiri mvua, ndo maana mmewakuta wazima. Anakula konokono, wadudu, vyura na samaki anaoweza kuwashika, na kwenye bwawa lililojaa ngege waliodumaa anawasaidia kupunguza. Kama mnataka ngege wakubwa kwa ajili ya watoto wa Jumapili, 3 kwenye bwawa dogo ni wengi, bakizeni mmoja na wengine waliwe na wanaokula, ila ulizeni kwanza, kati ya waumini wenu kuna Waganda wa ukoo wa Mmamba ambao huyo ni mwiko wao na hawatapenda kuona anakatwa mbele ya kanisa. Huyo mnayembakiza mrudisheni maji yakifika kiunoni, mumbebe kwa gunia lililoloweshwa na sio kwa mikono, anang'ata vibaya na meno yake hayaachii. Na kabla hamjajaza, hilo tope mlilochimba msilirudishe ukingoni, lipelekeni shambani wiki hii, mvua za Teso zikianza litateremka lote ndani.